Mwanangu ameacha soka apige mpira wa Wamarekani: hiyo nayo ni kazi?

Swali limetoka kwa mama Mtanzania anayeishi Columbus, Ohio:

"Kijana wangu ana miaka 16. Alikuwa winga wa kushoto kwenye timu ya soka ya shule. Mwaka huu kocha wa futiboli ya Kimarekani kamwona anapiga kona, kamchukua. Sasa kila Ijumaa usiku tunakaa kwenye baridi saa tatu nzima, yeye anaingia mara tano au sita, anapiga mpira, anatoka. Juzi ametangaza mezani kwamba hiyo ndiyo itakuwa kazi yake. Baba yake alicheka hadi chai ikampalia. Kocha, kuna mtu anayeishi kwa kazi hiyo? Na kama ipo, njia yake ikoje?"

Dada yangu, kwanza mpe shemeji pole ya chai. Kazi ipo. Ina mkataba, ina mshahara ambao nitaufikia, na anayedumu misimu mitatu anaingia hata kwenye pensheni ya ligi. Shida yake ni viti. Ligi kuu, NFL, ina timu 32, na kila timu huweka mpigaji mmoja. Karibu nafasi nyingine zote zina mtu wa akiba anayesubiri mwenzake aumie au achoke. Mpigaji hukaa peke yake. Ukisikia timu imemleta wa pili, ujue kati ya hao wawili kuna mmoja anafungasha mabegi. Mimi nawanoa wapigaji wa shule na vyuo, nami nilitokea kwenye soka kama kijana wako, kwa hiyo nivumilie nikirefusha maneno.

Tuanze na hesabu, maana shemeji anayecheka hutulizwa kwa hesabu. Mtu asiyeujua mchezo huu huona watu wakubwa kama makabati wakigongana, halafu anaingia kijana mwembamba mwenye jezi safi, anapiga, anarudi benchi. Humdhania mgeni mwalikwa. Lakini aliyefunga pointi nyingi kuliko wote katika historia ya NFL ni mpigaji, Adam Vinatieri, mwenye pointi 2,673. Jerry Rice, mpokeaji ambaye wengi humtaja kuwa bora kupata kutokea, alimaliza na 1,256. Mkwaju unaopita katikati ya nguzo una thamani ya pointi 3, na pointi 3 ndiyo tofauti ambayo mechi za ligi hiyo huishia nayo mara nyingi kuliko tofauti nyingine yoyote. Kocha anayefukuzwa kazi mwisho wa msimu, ukifuatilia vizuri, mara nyingi utakuta mikwaju miwili mitatu iliyokwenda pembeni mwezi wa Novemba.

Mkwaju wenyewe, tangu mpira unaponyanyuliwa hadi unapopigwa, ni kama sekunde 1.3. Mchezaji mmoja, ambaye timu imemwajiri kwa kazi hiyo tu, anainama na kuurusha mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake. Yadi saba au nane nyuma yake (yadi ni pungufu kidogo ya mita) kuna wa pili aliyepiga goti. Huyo anaudaka, anausimamisha kwa ncha, anauzungusha ili uzi wa mshono utazame golini, kisha anaushikilia kwa kidole juu. Mshikaji huyo jina lake la kazi linaungana na la mitaani kwetu, kwa sababu asipokuwa mshikaji wako kwelikweli, umekwisha. Januari 2007, kwenye mchujo, Dallas Cowboys walikuwa nyuma ya Seattle 21 kwa 20, na mbele yao mkwaju wa yadi 19, ule ambao mpigaji wa ligi anaweza kuupiga akiwa na usingizi. Mpira ukamponyoka mshikaji, Tony Romo. Mpigaji, Martin Gramatica mzaliwa wa Argentina, hakuugusa hata kidogo. Msimu wao ukaishia pale.

(Umbali unahesabiwa hivi, ili usiaibike jukwaani: chukua mstari wa yadi ambapo mpira upo, ongeza 17. Yadi 10 ni za eneo la mwisho, kwa kuwa nguzo zimesimama nyuma yake, na 7 ni za kurudi hadi kwa mshikaji. Mpira ukiwa mstari wa 30, mkwaju ni wa yadi 47.)

Kwa nini kocha alimwona kijana wako kwenye kona? Kwa sababu mtindo wa siku hizi ni wetu, wa soka. Zamani wapigaji walikwenda moja kwa moja na kuupiga kwa ncha ya kiatu. Mwaka 1964 Pete Gogolak, mtoto wa familia iliyoikimbia Hungaria baada ya 1956, aliingia Buffalo Bills akiupiga kwa mshazari, kwa mgongo wa mguu, kama mtu anayepiga mpira wa adhabu. Watu walimshangaa. Baada ya kama miaka ishirini walioshangaza walikuwa wale wa ncha: Mark Moseley wa Washington, mpigaji pekee aliyewahi kupewa tuzo ya mchezaji bora wa ligi, msimu wa 1982, anahesabiwa kuwa wa mwisho wao.

Mlango ule Gogolak alioufungua ulipitisha wageni wengi. Jan Stenerud alitoka Norway kwenda chuo cha Montana kwa ufadhili wa kuruka na mbao za theluji, akaishia kwenye Jumba la Mashujaa la futiboli mwaka 1991, wa kwanza kuingia kama mpigaji mtupu. Morten Andersen alikuja kama mwanafunzi wa kubadilishana kutoka Denmark, akacheza mechi 382, rekodi ya ligi. Gary Anderson alikulia Afrika Kusini. Wanaijeria wawili, Obed Ariri na Donald Igwebuike, walifika chuo cha Clemson kucheza soka na wote wakaishia kuipigia Tampa Bay katika miaka ya 1980. Kwa hiyo shemeji akisema huu si mchezo wa watu wetu, ajue kiti hiki ndicho kilichowakaribisha wageni kabla ya vingine.

Hata hivyo winga anayepiga kona ana ugonjwa mmoja, nami nimeutibu kwa vijana wengi: anaukata mpira. Soka imemfundisha kwamba mpira mzuri unapinda, na kwamba ukitaka upande juu unaegemea nyuma. Huku vyote viwili ni sumu. Mpira huu wa yai ukiupiga chini kidogo ya katikati, kifundo kikiwa kimekazwa na kifua kikiwa juu yake, unapanda wenyewe, unajiviringisha ncha kwa ncha na kwenda wima. Ukiukata, yadi 30 utaingia, yadi 45 utakwenda nje. Na mguu unaoamua ni ule unaosimama. Ukitua sentimita chache mbele au pembeni ya mahali pake, nyonga inafunguka vibaya na mpira unafuata nyonga. Ndiyo maana utamwona anahesabu hatua tatu nyuma na mbili pembeni kabla ya kila mkwaju. Akiziacha siku moja kwa sababu ya haraka, mgombeze kwa niaba yangu.

Kuna mtu mmoja ambaye ningependa kijana asome habari zake, maana njia yake ilianzia pale pale alipo yeye. Brandon Aubrey alikuwa beki wa soka chuo cha Notre Dame. Mwaka 2017 Toronto FC walimchagua raundi ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji wapya, lakini soka ya kulipwa haikumkubali, na miaka miwili baadaye alikuwa mhandisi wa programu za kompyuta, kazi ya ofisini kama ya watu wengine. Siku moja akiwa anatazama futiboli na mkewe, mkewe akamwona mpigaji kwenye runinga akamwambia: hata wewe unaweza hilo. Akatafuta kocha, akawa anapiga baada ya saa za kazi, miaka ikapita. Mwaka 2022 akapata nafasi Birmingham Stallions katika ligi ndogo ya majira ya kuchipua, akachukua nao ubingwa mara mbili mfululizo. Cowboys wakamsajili 2023 akiwa na miaka 28. Mikwaju yake 35 ya kwanza ya pointi 3 katika NFL yote iliingia, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya. Mwaka uliofuata akapiga mmoja wa yadi 65.

Ukiisoma haraka ni hadithi tamu. Isome polepole uone miaka ile ya katikati, ambayo alikuwa na shahada na mshahara wa kumlisha wakati mguu haujampa hata senti. Hilo ndilo jibu langu hasa kwa swali lako, na yote yanayofuata ni maelezo yake: hii ni kazi ya kutemwa. Mguu unamfikisha mtu mlangoni. Baada ya hapo maisha yake yote ya kazi ni kufukuzwa, kurudi, kufukuzwa tena, na anayedumu ni yule mwenye mahali pa kuegemea kati ya kufukuzwa kumoja na kwingine.

Younghoe Koo alizaliwa Seoul, akaja Marekani akiwa mtoto. Timu ya Chargers ilimpa kazi 2017, ikamtema baada ya mechi nne. Alikaa nje mwaka mzima na zaidi, akaibukia kwenye ligi mpya huko Atlanta mwaka 2019, na ligi yenyewe ikafa kabla msimu haujaisha. Vuli ile Atlanta Falcons wakamwita. Msimu wa 2020 akawa miongoni mwa vinara wa pointi wa ligi nzima, na 2022 akasaini mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 24.25. Septemba 2025, baada ya kukosa mkwaju wa kusawazisha mechi ya kwanza, akapoteza kiti, na muda si mrefu wakamtema nao. Sikuambii haya kukutisha. Nakuambia kwa sababu huyo ni mtu aliyefaulu.

Walioingia kwa kishindo nao hawakuwa na kinga. Roberto Aguayo alikuwa hodari wa chuo kiasi kwamba mwaka 2016 Tampa Bay walitoa nafasi nyingine za uchaguzi ili wamchukue raundi ya pili, jambo ambalo timu huwafanyia wapigaji kwa nadra. Agosti ya mwaka uliofuata walimtema. Kwa upande mwingine, Vinatieri hakuchaguliwa na yeyote siku ya uteuzi. Siku hiyo, kwa mpigaji, ni kelele tu.

Siku ya kweli ni Jumanne. Mechi ikiisha Jumapili na mpigaji amekosa miwili, simu zinapigwa Jumatatu, na Jumanne wanaume wanne watano wasio na kazi wanapangwa kwenye uwanja mtupu wa mazoezi. Hakuna mashabiki. Kocha anasimama na karatasi, kila mmoja anapiga mikwaju yake, na saa moja baadaye mmoja anasaini, wengine wanarudi uwanja wa ndege. Wanajuana wote kwa majina, wanasalimiana na kuulizana watoto, kisha wanaombeana mabaya kimoyomoyo. Ni watu wema lakini kiti ni kimoja.

Sasa kukosa. Huko shuleni kijana akikosa, kocha anampigapiga mgongoni. Huko juu mambo ni mengine. Januari 27, 1991, Scott Norwood wa Buffalo alisimama mbele ya mkwaju wa yadi 47, sekunde nane zimebaki, Super Bowl, yaani fainali ya ligi, timu yake iko nyuma 20 kwa 19. Ukapita kulia kwa nguzo. Buffalo haijashinda Super Bowl hadi leo, na bado ule mkwaju unatajwa kana kwamba ni wa jana. Jambo ambalo hutajwa kwa uchache ni kwamba timu iliporudi nyumbani, maelfu ya watu wa Buffalo walijaa uwanja wa mji wakaimba jina lake hadi akapanda jukwaani akilia.

Mimi huwa nawapa vijana wangu zaidi kisa cha Gary Anderson, yule wa Afrika Kusini. Msimu wa 1998 akiwa Minnesota alipiga mikwaju 35 ya pointi 3, ikaingia 35. Ile ya pointi moja baada ya kila goli kubwa (touchdown) alipiga 59, ikaingia 59. Hakukosa kitu kuanzia Septemba hadi Desemba. Kisha Januari, kwenye mechi ya kuamua nani aende Super Bowl, timu yake ikiongoza kwa pointi 7 na dakika mbili na ushee zimebaki, akapewa mkwaju wa yadi 38 wa kuifunga kabisa mechi. Akakosa, kushoto kidogo. Atlanta wakasawazisha, mechi ikaenda muda wa nyongeza, na aliyeimaliza ni mpigaji wa Atlanta, Morten Andersen yule Mdenmark, kwa mkwaju wa yadi 38. Umbali ule ule, uwanja ule ule wenye paa, siku moja. Ukiniuliza kwa nini mmoja uliingia na mwingine ukatoka, sina cha kukufundisha. Anderson alicheza misimu mingine sita baada ya siku ile, na hilo ndilo ninalowataka vijana waliandike kwenye daftari.

Cody Parkey hakupata bahati hiyo. Januari 2019, Chicago, yadi 43 za kuishinda Philadelphia: kidole cha mpinzani kiliugusa mpira kidogo ukiwa unapanda, ukagonga nguzo ya kushoto, ukashuka ukagonga mtambaa wa panya, ukaanguka mbele. Mechi ikaisha 16 kwa 15. Machi akawa ametemwa, na Mei timu ikakusanya wapigaji wanane kambini kutafuta mrithi. Kuna kikatuni ndani ya jambo hilo, lakini kwa mhusika si kikatuni.

Ukitaka kuona kazi nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, ni Vinatieri. Kijana wa South Dakota, chuo kidogo, hakuchaguliwa. Mwaka 1996 alikwenda Uholanzi kuipigia Amsterdam Admirals kwenye ligi ambayo leo haipo. Majira hayo hayo New England Patriots wakamjaribu, akamwondoa mkongwe aliyekuwa na kiti. Alianza kwa kubahatisha, leo unaingia kesho unatoka, mpaka mechi moja ya Desemba alipomfukuza Herschel Walker wa Dallas, mmoja wa wakimbiaji wenye kasi kwenye ligi, akamwangusha kabla hajafika mwisho. Kuanzia pale wenzake wakamwona ni mwenzao.

Januari 19, 2002, theluji ikimwagika kama unga, alipiga yadi 45 kuisawazisha mechi na Oakland sekunde 27 zikiwa zimebaki. Mpira ulikwenda chini chini kama ndege anayetafuta pa kutua, ukapita. Katika muda wa nyongeza akaongeza wa yadi 23, 16 kwa 13. Wiki mbili baadaye wa yadi 48 ukaipa timu Super Bowl ya kwanza, saa ikiwa imekwisha. Alipata pete nne za ubingwa kwa jumla, tatu Patriots na moja Indianapolis Colts, alikopiga hadi alipofika miaka 46. (Wakenya watakumbuka kwamba Daniel Adongo, mwanaraga wa Nairobi aliyekuwa Mkenya wa kwanza kucheza NFL, alisajiliwa na Colts hao hao mwaka 2013, kwa hiyo alivaa jezi moja na huyu bwana.) Na msimu wa mwisho wa huyo mkubwa wa wote, 2019, mikwaju 25 ya pointi 3 aliyopiga, minane haikuingia, na ile rahisi ya pointi moja alikosa sita. Goti lilikuwa limekwisha. Mguu haustaafu siku unayotaka wewe.

Pesa basi. Mwaka 2025 kima cha chini cha mchezaji mpya NFL kilikuwa dola 840,000 kwa msimu, inayolipwa kwa wiki 18, yaani karibu 46,700 kwa wiki kabla ya kodi. Neno la kushika hapo ni "kwa wiki": aliyetemwa wiki ya tatu bila dhamana kwenye mkataba amelipwa wiki tatu. Aliye kwenye kikosi cha mazoezi mwaka huo alianzia 13,000 kwa wiki. Kileleni, Harrison Butker wa Kansas City alisaini 2024 nyongeza ya miaka minne ya dola milioni 25.6. Aubrey, pamoja na maajabu yake yote, misimu yake mitatu ya mwanzo alilipwa karibu na kima cha chini. Ligi ndogo na ile ya Kanada zinalipa pungufu sana. Watu huzitumia kama daraja.

Turudi kwa kijana wako. Huko shuleni nguzo zimeachana futi 23 na inchi 4, kama mita 7.1, karibu sawa na goli la soka. Chuoni na NFL ni futi 18 na nusu, mita 5.6. Tena shuleni wanaruhusiwa kusimamisha mpira juu ya kibao cha inchi 2. Chuoni kibao hakuna kwa mikwaju ya golini, mpira uko kwenye nyasi. Kwa hiyo takwimu zake za Ijumaa zipunguze kichwani. Aanze leo mazoezini kupiga chini, bila kibao, na alenge nguzo moja, si nafasi iliyo katikati. Umbali asiukimbilie. Rekodi ya NFL sasa ni yadi 68, ya Cam Little wa Jacksonville, Novemba 2025, na kila kijana anaijua kwa moyo, lakini kocha wa chuo anayekuja kumwona atauliza kwanza kuhusu yadi 35. Na mkienda likizo nyumbani, akipiga yadi 55 pale Mbeya msiwapigie simu ndugu. Mbeya iko juu kuliko Denver, ambako hewa nyepesi hubeba mipira mbali, na Columbus iko chini sana ya zote mbili.

Mwili wake bado unakua. Mikwaju ya nguvu 40 hadi 50 kwa kikao, vikao vitatu kwa wiki, inamtosha. Nyingine zote ziwe za polepole za kurekebisha hatua. Kinena na nyonga ndivyo vinavyoharibika, na kijana atakuficha, kwa hiyo tazama anavyoshuka ngazi Jumamosi asubuhi. Kuhusu kugongwa, sheria inamlinda: anayemkumba mpigaji, timu yake inaadhibiwa hadi yadi 15. Hatari iliyopo ni mpira wa kuanzia, pale mkimbiaji akiwapita wote na kubaki yeye tu.

Chuo. Nafasi za ufadhili kwa wapigaji ni chache, na wengi huanza kwa kukaribishwa kwenye timu bila pesa, wakalipa karo mwaka mmoja au miwili kabla ya kupata chochote. Hapo alama za darasani ni pesa halisi: mtoto mwenye alama nzuri hupata msaada wa masomo, na kocha humpenda kwa kuwa hamgharimu. Mtaletewa pia matangazo ya kambi za wapigaji zinazowagawia vijana nyota na vyeo. Moja kwa mwaka yatosha, tena ile ambayo makocha wa vyuo huja wenyewe. Nimeona wazazi wakimaliza akiba kununua nyota.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Huu mpe, ila uamuzi wa shahada ufanyike mezani pale pale alipotangaza kazi yake, kabla ya msimu ujao. Na kama mna binti nyumbani, asikae nje ya mazungumzo: mwaka 2020 Sarah Fuller, kipa wa soka wa Vanderbilt, aliifungia timu ya wanaume ya chuo chake pointi mbili kwa mguu.

Shemeji naye nina kazi yake. Vyuma vya kusimamishia mpira vinauzwa, lakini vijana wanaozoea chuma hupata tabu siku wakikutana na mkono wa mtu. Jumapili waende wote uwanjani. Baba apige goti, nyuzi za mshono zitazame golini, kidole juu ya ncha, mpira uinamishwe kidogo sana upande wake mwenyewe. Asipepese macho mguu ukija, na asiondoe kidole mapema.